Mtoto wa Maharagwe

Mama Gertrude hakuwa na subira na watu wazima, na aliwaambia hivyo machoni. Subira yake yote aliwawekea watoto walio chini ya miaka mitano. Kidogo kilichobaki aliwagawia vijana kumi na wawili waliomjia kila Jumatano alasiri katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Nyakasanza hapo Bunia, kujifunza namna mtoto anavyokua na anavyotunzwa.

Wavulana walikuja wakicheka. Kicheko kilikatika siku alipowakabidhi mtoto wa maharagwe: kitambaa kilichoshonwa umbo la kichanga, ndani maharagwe kilo tatu na nusu, kichwa kinalegea kama cha mtoto wa kweli. Ephraïm, jitu la miaka kumi na saba lenye ndevu tatu za kuhesabu, alimbeba kwa mguu mmoja kama kuku wa sokoni. Mama Gertrude akamtandika kofi la bega.

"Kichwa! Shika kichwa! Weye ulizaliwa na shingo ya chuma?"

Wakishajua kubeba, ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kila kijana alichagua mtoto mdogo wa jirani, asiye ndugu yake, akamtazama kwa wiki sita na kuandika katika kaye, daftari lake, mambo anayoyafanya mtoto huyo. Kumuuliza mtoto hakuruhusiwi, wala kumsahihisha. Kazi ni kutazama tu. Mtoto wa miaka mitatu, alisema Mama Gertrude, hawezi kukueleza nyumbani kwao kuna nini, lakini atakuchezea mbele ya macho yako. Mtoto haigi asichokiona.

Somo hilo alililipia, na vijana hawakujua. Miaka ya vita, mwanawe Gustave, wa miaka minne, alishika mchezo wa kufunga shati lake ndani ya kitenge cha mama na kukaa nacho mlangoni kila asubuhi. Gertrude alimgombeza kwa kuchafua nguo, akakianika kitenge upya. Hakujiuliza mtoto ameyaona wapi. Majirani waliokuwa wakifunga mizigo kimyakimya waliondoka, yeye akabaki siku tatu zaidi, na vita vikamkuta hapo. Gustave alizikwa ndani ya kitenge kilekile. Tangu siku hiyo mama yake hajaweza kujisamehe, na hatafuti msamaha.

Sasa amani ilikuwapo, mwaka wa kumi na zaidi. Lakini Desemba ile ilikuwa amani ya watu wanaosalimiana vizuri kisha kila mmoja anageuka kumtazama mwenzake mgongoni. Sokoni, wanawake waliotoka upande wa Djugu waliacha kuzungumza mtu akikaribia. Aliyekuwa haoni lolote ni Dorothée, binti wa Mama Gertrude. Yeye alifuata maharagwe Bule, upande huo wa Djugu, kila baada ya wiki mbili, na maharagwe ya mtoto yule wa darasani yalitoka katika gunia lake. Ijumaa hiyo alipanga kwenda na Divine, bintiye wa miaka miwili na nusu, wakale Noeli kwa mama mkwe wake hukohuko Bule.

Jumatano kabla ya safari, Camille alisimama kusoma kaye yake. Alikuwa anamtazama Valérie, mtoto wa miaka minne aliyeletwa kwa shangazi yake mjini wiki tatu nyuma, kutoka Bule. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Camille kumchukua mtoto wa maharagwe nyumbani.

"Siku ine sasa mutoto iko na muchezo moja tu," alisoma. "Anabeba mutoto ya maharagwe, anaingia naye chini ya meza, anamufunga kinywa. Anasema, nyamaza, wanapita."

"Ni kujificha tu, siye wote tulicheza," akasema Ephraïm, na darasa likacheka.

Mama Gertrude hakucheka. "Mukono anauweka namna gani? Onyesha."

Camille akaonyesha kwa uso wake mwenyewe. Kidole gumba chini ya kidevu, vinne vimebana midomo, na pua imeachwa wazi.

Mama Gertrude aliketi. Mtoto anaweza kubuni meza ikawa pango. Hilo la pua habuni. Hilo hufundishwa na mtu mzima anayetaka mtoto anyamaze bila kufa. Kule Bule, kuna aliyekwisha kuanza kuwafundisha.

Ijumaa asubuhi alimkuta Dorothée amekwisha kumvika Divine gauni la sikukuu.

"Mutoto haendi."

"Mama, weye nyoka ilikuumaga zamani, sasa hata kamba unaikimbia. Niko naenda Bule miaka sita. Amani iko!"

"Baki na weye pia. Nilikuelezea muchezo ya ule mutoto ya Bule."

"Juu ya muchezo ya mutoto? Nitamwambia nini mama mukwe?"

"Umwambie mimi niko mubaya. Mutoto anabaki."

Walivutana mpaka mwenye pikipiki akapiga honi mara tatu. Dorothée alipanda peke yake, analia kwa hasira, akasema atarudi Jumatatu. Hakumuaga mama yake.

Jumatatu simu yake haikupatikana. Jumanne vilevile. Mwenye pikipiki hakurudi kwenye kituo chake, na sokoni maharagwe ya Bule hayakufika. Aliyeulizwa sababu alijibu kuhusu ubovu wa barabara, huku anakusanya bidhaa zake mapema.

Jumatano Mama Gertrude alikuja darasani na Divine mgongoni, kwani kumwacha kwa mtu hakuweza. Katikati ya somo mtoto akaanza kumlilia mama yake kwa sauti inayopasua masikio. Mara hiyo nje kukasikika vishindo, watu wengi wanakimbia barabarani, na mngurumo wa gari kubwa. Mama Gertrude hakufikiri. Alimvuta mjukuu nyuma ya meza, akapiga magoti, akamziba kinywa.

Lilikuwa lori la mawe, na watoto wa mtaani waliokuwa wanalikimbilia kudandia. Walipita. Vijana kumi na wawili walimtazama mwalimu wao aliyepiga magoti chini. Alipoutazama mkono wake aliona kidole gumba kiko chini ya kidevu cha mtoto, na pua ameiacha wazi.

Akamwachia. Divine hakulia tena. Alikwenda kwenye kona, akambeba mtoto wa maharagwe, kichwa amekishika vizuri, akaingia naye chini ya meza. Akaweka mkono.

"Nyamaza," alisema.

Ephraïm alikuwa ameinua kalamu, kisha akaishusha kwa aibu.

"Andika," Mama Gertrude akamwambia, machozi yanamtiririka. "Andika na jina ya mwenye kumufundisha."