Kifaransa cha Espérance

Nikisikia feni ya kompyuta kuukuu ikikoroma, damu inanichemka mpaka leo. Mniwie radhi, lakini nitawasimulia kwa hasira hiyo hiyo, maana nikiisubiri ipoe sitasimulia kamwe.

Tulikuwa tunakaa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na baba alikuwa na lori la kubeba chumvi ya Katwe na samaki wakavu wa Hamukungu. Likizo moja akasema anakwenda Kampala, na kwenye kiti cha mbele kuna nafasi ya mtoto mmoja tu. Mimi au kaka yangu Hamisi, tuamue wenyewe. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Kasese mjini. Niliitaka Kampala ile hadi nikawa naiota.

Tukakubaliana tuamue kwa mchezo uliokuwa kwenye kompyuta ya baba, aliyoinunua Butembo, upande wa Kongo. Ulikuwa mchezo wa zamu: mnajenga miji, mnalima, mnaunda majeshi, na mmoja akicheza mwenzake anatoka kwenda barazani asichungulie. Kilichoninogea zaidi ni wapelelezi. Unampenyeza wako katika mji wa adui, anakaa kimya huko, halafu anarudi na siri ya kuyeyusha chuma au kutengeneza baruti. Kinga yake ni kumweka mpelelezi wako nyumbani, amnase mwizi kabla hajatoka. Lakini anayelinda nyumbani haibi, na mimi nilikuwa na tamaa. Nikasema wangu nitawarudisha siku nikiambiwa nimeibiwa.

Na wa kuniambia alikuwa Espérance. Mchezo ulikuwa Kifaransa kitupu, sisi Kifaransa hatujui hata salamu. Espérance, jirani yetu aliyetoka ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, alikuwa amekisomea kwao. Alikaa kwenye mkeka wetu tangu asubuhi, ananisomea mimi, kisha anamsomea Hamisi. Kila maandishi mekundu yakitokea kwenye zamu yangu, namuuliza yanasema nini. Anajibu huku anajikuna goti, "Inasema kila kitu iko muzuri mu muji yako."

Basi wapelelezi wangu wote nikawaacha kwa Hamisi. Wakanaswa mmoja mmoja, kwa sababu yeye alikuwa amejilinda vizuri. Mara akaibuka na bunduki, na mimi bado nina mikuki. Mji wangu mkuu, niliouita Bwera, ukaanguka kabla ya magharibi. Kaka yangu akazunguka uani akishangilia mpaka kuku wakakimbia.

Kesho yake asubuhi, lori linapakiwa, Espérance akaja mlangoni analia. Yale maandishi mekundu, kumbe, yalikuwa yanasema mji wangu unaibiwa.

"Hamisi alisema nikikuambia, ataonyesha afande kwenye mama anapitaka na vitenge," alisema. "Bakimukamata mama, tutakula nini?"

Mama yake alikuwa akivusha vitenge kwa miguu kwenye maji ya mto Lhubiriha, mbali na forodha. Sisi majirani tulijua njia yake. Maafande hawakuijua.

Nikamkimbilia baba, nikamweleza yote, na vitenge na vitisho. Jamani, baba alicheka! Akampigapiga Hamisi begani.

"Upelelezi si ndiyo mchezo yenyewe?" akaniambia. "Huyu iko na akili ya mupaka. Wewe ulilala."

Akampandisha garini, wakaondoka. Nikabaki barabarani na vumbi mdomoni, nikalitukana lile lori tusi ambalo mama alinichapia.

Miaka mingi nilidhani hasira yangu ni ya kiti. Ukubwani, nikiwa na binti wa kwangu, ndipo nilipoelewa kuwa mimi siku ile nilikosa safari tu. Espérance ndiye aliyeshinda kutwa kwenye mkeka wetu na riziki ya mama yake mikononi, anasoma hili anasema lile, anajilazimisha kutabasamu nisije nikagundua. Halafu akaja kuniambia ukweli, na Hamisi bado yupo pale pale uani. Mtoto yule! Na baba aliyasikia hayo yote kwa masikio yake, asiulize hata kama Espérance amepata usingizi. Alichokiona yeye ni akili ya mwanawe.

Idi iliyopita Hamisi alikisimulia tena kisa hicho, kama kawaida yake, tumezunguka sinia la pilau, watu wanacheka. Safari hii nikamwambia anyamaze.

"Ala! Mtu mzima bado unakasirikia mchezo?"

"Nakukasirikia wewe," nikamwambia. "Ulikuwa na miaka kumi na minne. Espérance alikuwa na tisa."

Baba akaacha kula, akainama. Hamisi akaangaza huku na huku kutafuta wa kucheka naye, hakumpata.