Vifurushi vya Watoto wa Kambi

Siku yangu ya kwanza jikoni sikupika kitu. Kapita, yaani msimamizi wetu kule misheni ya Lokandu, alinipa rundo la majani ya mgomba akaniambia niyababue. Kubabua ni kupitisha jani juu ya moto mpaka lilainike bila kuungua. Jani bichi ukilikunja hupasuka, na mchuzi wote unaishia kwenye daftari la mtoto. Niliyachoma karibu yote. Kapita akayaangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Kesho utarudilia," akasema. "Jani njo sahani ya mutoto. Weye unaweza kula mu sahani ya kupasuka?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuwafungia watoto wa shule chakula, na nikaifanya mpaka mvi zikanijaa. Vijana wa leo hucheka wakisikia. Basi jaribuni nyinyi kumlisha mtoto msiyemwona. Anakula saa sita, wewe uko mbali, na hukumu yako inarudi jioni ndani ya jani.

Kutoka Lokandu nilihamishiwa Kindu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Jiko lilikuwa kambini, shule ilikuwa mbali, kwenye misheni ya hapo Kindu, kwa hiyo watoto walipita kwetu asubuhi kuchukua vifurushi vyao. Mkubwa wangu alikuwa Sista Ekonomu, mtawa aliyeshika funguo za ghala, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo hata hivyo ilifika kila kona. Sheria yake ilikuwa moja: kila mtoto na kifurushi chake, na asile na mwenzake. Alikuwa amewahi kuuguza wagonjwa wa kifua, na kikohozi alikiogopa kuliko nyoka.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Wali haufungwi ukiwa moto, maana unatoa jasho ndani ya jani na ifikapo saa sita umechacha. Sombe, yaani majani ya muhogo, inakaushwa maji kwanza. Samaki anakaangwa mpaka akauke. Ukishamaliza hayo yote, unakutana na watoto wenyewe. Mmoja hali kitu chochote cha kijani. Mwingine anakagua miba kabla hajakuamkia. Feza, mtoto aliyezaliwa hapo kambini, alikula wali tu. Bukari, ugali wetu, aliuita udongo.

Kisha akaja Ngalula. Baba yake, mtu wa Kasai, alikuwa mchochea moto kwenye gari-moshi, na safari zilimweka mbali siku nyingi. Mama yake alikuwa amefariki hospitali muda si mrefu, na mtoto alilala kwa jirani. Kila jioni kifurushi chake kilirudi mezani kwangu na fundo langu lilelile, halijaguswa. Nikajisemea, huyu ni wa Kasai, asipokula bukari hajala. Nikamsongea bukari laini kabisa. Ukarudi. Nikajaribu makemba, yaani ndizi za kupika, nikajaribu samaki niliyemtoa miba yote kwa vidole vyangu. Vikarudi. Mtoto alikuwa anakonda, nami nilianza kuichukia ile meza ya jioni.

Sista Ekonomu aliliona hilo kabla sijamwambia.

"Kama hakule, nitaambia baba yake amurudishe Kasai kwa nkambo yake," alisema, yaani kwa bibi yake. "Kule hakuna masomo, najua. Lakini siwezi kuzika mutoto juu ya masomo."

Hakuwa mkali, alikuwa na hofu. Mimi pia nilikuwa nayo. Jioni hiyo Ngalula alipoweka kifurushi mezani, nilimwomba akae, nikamwita mama, kama tunavyowaita wasichana wadogo kwa heshima.

"Mama, chakula yangu iko mubaya?"

"Hapana, Baba."

"Sasa?"

Akatazama lile jani. "Ile njo chakula ya mugonjwa. Nilikuwa napelekea mama vile vile kule hospitali, ya kufunga, ya muntu moja. Alikula peke yake. Kisha akakufa."

Kwetu, tangu zamani, watoto huzunguka sahani moja. Anayetengewa chakula chake ni mgonjwa, au mtu ambaye mauti imempitia karibu. Niliyajua hayo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuyafikiria nilipokuwa nikifunga mafundo yangu mazuri.

Nilimweleza Sista yote. Alizungusha funguo zake mkononi. Mwisho akasema: "Funga kubwa, ya watoto wawili. Lakini vijiko viwili, kila mumoja na chake."

Asubuhi nilimpa Ngalula na Feza kifurushi kimoja, nusu wali, nusu bukari, na sombe katikati. Niliwaonya kuhusu vijiko. Jioni lilirudi jani tupu, na hata kipande cha bukari hakikubaki. Vijiko vilirudi safi kabisa, havijagusa chakula. Sista alivishika, akaviangalia mbele na nyuma, kisha akavirudisha kabatini. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi.

Ngalula alibaki Kindu, akasoma mpaka akawa mwalimu. Mimi nilipelekwa Punia, kwenye kambi ya mgodi, chini ya Bwana Injenia aliyekuwa na watoto waliobandua ganda la mkate na kuwatupia kuku. Mtoto wa mzungu na wa kwetu, wote huanza kwa kunusa.

Sasa nimepumzika hapa Kindu. Mke wangu ametangulia. Kila mchana mkwe wangu hunitumia chakula, kimefungwa vizuri, kina joto, cha mtu mmoja. Juzi mjukuu wangu aliyekileta alinikuta nakitazama tu.

"Nkambo, hamukule? Iko mubaya?"

"Haiko mubaya," nikamwambia. "Nenda unawe mikono, kisha uje tukae."