Nilirudi Kamina kumsainia mke wangu kiwanja, ofisi ikakataa saini yangu

Wakuu, amani kwenu. Haya yalinipata mwenyewe, na pale nilipokuwa mjinga sitaficha.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa fundi wa njia ya treni Kamina, huku Kongo, mimi nikarithi miguu ya kutangatanga tu. Bukama, Likasi, Kolwezi, miaka sita nje. Kila mahali niliikumbuka Kamina, lakini kurudi sikurudi.

Kisha dada yangu akanipigia simu. Mke wangu, Ngoie, niliyemwacha huko, alikuwa amenunua kiwanja kwa faida ya kuuza unga kwa familia za wanajeshi kule Base, kambi ya jeshi, na anakiandikisha kwa jina lake.

Miaka ile sheria ya familia ilikuwa haijabadilishwa. Mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe kwa jambo kama hilo.

Nikapanda treni. Kusema kweli nilifurahi. Nilijiona bado nahitajika.

Kwenye ofisi ya ardhi nilimkuta Ngoie kwenye benchi, na mkuu wa ofisi, Papa Ilunga, Mmethodisti aliyewahi kuwa mwalimu.

"Ah, ulifika," Ngoie akasema. "Kiti iko pale."

Nikasema nimekuja kusaini.

"Hakuna pa kusaini, papa," mzee akajibu. "Ruhusa ya bwana, miye siombi tena. Constitution inasema mwanaume na mwanamke iko sawa."

Nikakasirika. "Weye uko juge wa mahakama? Sheria ya bunge unaichagua kama samaki ya soko?"

"Siko juge. Kuifuta siwezi. Lakini cachet, ile muhuri, iko mu mukono yangu, na sheria ya juu njo nafuata. Nilimuandikia mukubwa yangu barua, nikamuambia sababu."

Mkubwa wake alikuwa ameshajibu: bila ruhusa ya mume kufikia Ijumaa, faili linarudishwa, na Papa Ilunga anaweza kupoteza kazi.

Hasira ikaniisha. Nikasema basi nipeni karatasi, nisaini, wote wawili mpone.

"Hapana," Ngoie akasema. "Ukisaini, hii parcelle ya kiwanja iko yangu sababu tu weye ulipenda. Na mama mwenye bwana yake hatarudi, atafanya je?"

Kazi iliyokuwa hatarini ilikuwa ya Papa Ilunga, na bado hakunisukumia kalamu.

Mwishowe nikaandika barua yangu mwenyewe: mimi ni mume, nipo Kamina, sina pingamizi wala ruhusa ya kutoa, kwa sababu si yangu. Nikaipeleka kwa mkubwa kwa miguu.

Mkubwa akaona mume hapingi, faili likapita. Papa Ilunga alipewa onyo la maandishi.

Nilichojifunza: nilikuwa tayari kumsaidia mke wangu kwa njia iliyomwacha chini yangu.

Ila moja linanisumbua, wakuu, nisaidieni. Mfanyakazi wa serikali akiona sheria inagombana na katiba, aitekeleze tu akingoja mahakama? Kesho kiti kile atakikalia mwingine, aisome katiba vibaya.

Jibu kamili sina. Ninachojua ni kwamba Papa Ilunga hakuiruka sheria kimyakimya. Aliandika sababu, akaweka jina lake chini, ndipo akapiga muhuri.

Nyinyi mngefanyaje?