Kadi ya Mamako

Naikumbuka siku moja kwa vitunguu, mwanangu. Hadi leo vitunguu vya pilau sikati, nawaachia wengine, nao wadhani ni uvivu wa uzee.

Kaa hapa mkekani, Saumu, iweke hiyo simu kando. Ijumaa waolewa, na mamako ataka niwe somo wako, nikufunze mambo ya ndoa kama nilivyomfunza yeye. Lakini kabla sijakufunza lolote, lazima nikwambie nililomtenda mamako hapa hapa Mtongwe. Ukishasikia, uamue mwenyewe kama wanitaka. Ukinikataa sitanuna, wallahi.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Kazi ya usomo niliirithi kwa shangazi yangu Bi Rukia, aliyewafunza nusu ya maharusi wa mtaa huu mpaka miguu ikamchoka. Mamako ndiye aliyekuwa mwari wangu wa kwanza. Nikamfunza kujifukiza udi, kuzungumza na mume, wapi pa kunyamaza na wapi pa kusema. Harusi ikapita salama, kwa mumewe wakaniletea leso, tena za bei. Kichwa kikanivimba! Nikipita njiani natembea polepole ili nionekane. Wajua somo hana sifa yake peke yake. Mwari akisifiwa, na yeye amesifiwa.

Ukazaliwa wewe. Hata ziwa hujaacha, akaja nduguyo Athumani, na mara hiyo mamako alivuja damu nusura tumpoteze. Nesi wa dispensari akamwambia waziwazi: "Dada, mwili wako wataka kupumzika. Mimba nyingine upesi hivi yaweza kukuua." Mamako akazungumza na babako, babako akaridhia, akaanza sindano ya kuzuia mimba, ile ya miezi mitatu. Siku hizo kwetu sindano hiyo ilitolewa Jumanne tu, na benchi la kungojea lilikuwa nje, limeelekea barabara, kila apitaye akuona. Wangapi walifika pale wakageuka kwa haya! Mamako alijifunika buibui lake, akakaa.

Shida ilikuwa kadi ya kliniki. Nyumba ilikuwa ya bibi yako mzaa babako, Mungu amrehemu, na kwake hakifichiki kitu. Alikuwa akipekua kabati, akipekua mikoba, hata chini ya godoro. Naye alitaka wajukuu, tena wengi. Basi mamako akaniletea mimi. "Somo, niwekee hii. Tarehe ikikaribia unikumbushe." Nikaitia kwenye sanduku langu la leso na kumwapia kuwa hatajua mtu. Somo huapa hivyo tangu siku ya kwanza. Mwaka na zaidi nikamkumbusha, hakukosa hata sindano moja.

Sasa hiyo siku ya vitunguu. Kulikuwa na harusi ya jirani, wanawake kama ishirini tuko uani, hawa wakuna nazi, wale wachambua mchele, mimi na bibi yako tumekalia vitunguu. Mzaha ukaanza, wajua tena wanawake tukikaa pamoja. Bibi yako akanitupia: "Eti somo, mwari wako mbona amekauka? Au ulisahau kumfunza?" Wakacheka. Mmoja akadakia, "Somo mchanga, mafunzo machanga!" Wakaangua kicheko mpaka vifuu vya nazi vikaanguka.

Mwanangu, ningecheka nao yangekwisha. Lakini jina langu liliniuma kuliko siri ya mamako. Nikaweka kisu chini, nikasema kwa sauti: "Hakukauka! Adungwa sindano kule dispensari. Hayo sikumfunza mimi."

Mamako alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mchele. Aliniangalia, akalitua sinia taratibu, akaenda zake.

Siku ile ile bibi yako alimkalia babako kitako: mkeo akuendesha, mkeo ataka kuniulia kizazi. Babako alikuwa kijana, kibarua wa bandarini, akiishi chini ya dari ya mamake. Hakuweza kusimama. Jumanne ilipofika mamako hakuruhusiwa kutoka. Na mimi kadi ninayo sandukuni, tarehe naiona kwa macho yangu, nikashindwa kwenda hata kumwomba radhi. Niliona haya. Ningekwenda, pengine ningemweleza bibi yako aliyoyasema nesi, pengine angesikia. Sikwenda, nikajifungia ndani nikijihurumia.

Haukwisha mwaka akawa na mimba. Akajifungua, damu ikamtoka kama alipomzaa Athumani, na zaidi, tukamvusha feri tukamfikisha hospitali ya ng'ambo hajitambui. Mtoto hakuishi. Mamako waliweza kumwokoa kwa kumtoa mfuko wa uzazi, na umri wake miaka ishirini na mitatu. Ndiyo sababu mko wawili tu, wewe na Athumani, na ndiyo sababu ukiuliza huambiwi. Bibi yako alilia mpaka akaugua, haki yake nisimnyime. Yeye hakujua hatari ilikuwa kubwa kiasi gani. Mimi nilijua.

Shangazi Bi Rukia akaniita. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

"Yule mtoto alikupa nini umwekee?"

"Kadi, shangazi."

"Na siku ile uani ulimlinda nani?"

Akaniambia nizirudishe zile leso, nikazirudisha, na tangu hapo sikumfunza mwari tena. Nilichoweza ni kukaa kwenye lile benchi. Mwanamke akiogopa kwenda peke yake hunipitia, nikakaa naye mpaka jina lake liitwe, na asubuhi nyingine hukaa na watatu. Benchi sasa liko ndani, na manesi wakati mwingine huja mpaka mtaani na hema lao. Lakini bado wako wanaotoka mbali wakaambiwa dawa imekwisha, na wako wanaoogopa macho ya watu kuliko ugonjwa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Nendeni mkaulize, wewe na mchumba wako, kabla hamjaanza kuulizwa na watu. Kuna vidonge, kuna sindano, kuna kijiti cha mkononi, kuna kitanzi. Nesi atakupima, atakueleza lipi lakufaa na lipi halikufai. Ustadh wetu nilimwuliza mwenyewe, akanijibu kuwa kuachanisha watoto kwa ajili ya afya ya mama si dhambi. Wataka watoto wanane? Zaa wanane, inshallah, lakini muamue nyinyi wawili, si wanawake wa uani. Na siku mwenzio atakapokupa siri ya mwili wake, ikae kwako. Watakucheka, watakuita mjinga, wacha wakucheke. Mimi sikukubali kuchekwa nusu saa, na angalia mamako alilipa nini.

Juzi alipokuja na leso mpya mkononi kuniomba niwe somo wako, nilimwuliza, "Mwanaisha, Mtongwe yote hii hukuona mwingine?" Akanijibu, "Wapo, somo. Lakini wao sijui watasema lini. Wewe najua hutasema tena." Miaka yote hii huniamkia shikamoo akinikuta njiani.

Kadi yake hii hapa. Tazama, tarehe zote zimepigwa muhuri isipokuwa hii ya mwisho. Mrudishie mwenyewe, umwambie nimekueleza yote, sikujipunguzia. Mungu akupe mume msikivu, akupe uzazi mwepesi, watoto mkiwataka na wakati mkiwataka, nawe uwe mzima uwalee. Haya, nenda. Ukirudi na zile leso mpya alizokuja nazo mamako nitakupokea kwa mikono miwili. Usiporudi, mwanangu, nitakuombea vile vile.