Kanzu za Korali Katika Nyumba ya Kilio

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua kule mtaani kwetu Cimpunda, mwanangu, na mpaka leo nikisikia korali ikijaribu sauti, mimi huinuka nikaondoka. Kaa hapo, weka simu mfukoni. Umekuja kuniomba shauri kama kiongozi wa korali ya sasa, nami nitakupa, ila usitegemee la kukufurahisha.

Nilikuwa kijana, mpiga gitaa la solo wa korali yetu. Sijisifu, waulize wa zamani. Tulipofika kwenye seben, pale wimbo unapochangamka na wamama wanatoka kwenye viti wakipunga vitambaa, hata mchungaji alisahau saa. Mama yangu ndiye aliyefua kanzu za korali. Hakuna aliyemwajiri. Alisema Mungu alimnyima sauti, basi yeye atamwimbia kwa sabuni. Kanzu zilipanda mlima hadi kwetu zikiwa na jasho, zikashuka Jumapili zimenyooshwa kwa pasi ya makaa.

Basi mjomba wangu akamwoza binti yake, akaniomba nipige gitaa kwenye karamu. Nilianza na nyimbo za Mungu. Baadaye wazee wakaomba rumba ya ujana wao, nikawapigia. Ningemkataliaje mjomba mbele ya wakwe? Lakini maneno yana miguu, na kabla ya Jumapili yalikuwa yamefika kanisani. Nikawekwa chini ya nidhamu, ku discipline kama tunavyosema: benchi ya nyuma, hakuna gitaa, hakuna meza ya Bwana, mpaka kamati inirudishe. Sikulalamika. Sheria niliijua, mpiga gitaa wa kanisa hapigi nyimbo za dunia, na wengine walikuwa wameikalia benchi ile kabla yangu. Kilichoniuma ni wenzangu wa korali kuacha kunisalimu. Tukipishana kwenye ngazi za udongo wanaangalia miguu yao, kana kwamba dhambi yangu ni surua.

Mama aliendelea kufua. Ijumaa moja presha ilimpanda, akaanguka alipomaliza kuanika, na kabla hatujapata watu wa kumbeba mpaka barabarani alikuwa amekwisha kwenda.

Kesho yake majirani wakafunga turubai, tukatandika mikeka, wamama wakaketi. Unajua desturi yetu. Mtu wa korali akifiwa, korali ndiyo inaimba kilio. Hawaalikwi, wanakuja wenyewe, wanaimba tangu nyumbani mpaka kaburini, ili mfiwa akiishiwa maneno kuwe na sauti za kumshikilia. Nilingoja. Kila aliyeketi pale alikuwa anaangalia njia.

Wakatokea. Maman Jolie, rais wa korali, na waimbaji wawili nyuma yake. Wamama wakasogea kwenye mikeka wakawapa nafasi, na mimi moyo ukanirudia. Maman Jolie akanipa pole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kanzu zimekauka. Jumapili walikuwa na wageni kutoka Muhumba, mtaa wa wenye pesa, na huwezi kupokea wageni wa Muhumba bila kanzu. Mwanangu, nilidhani sikusikia vizuri. Dada yangu ndiye aliyeinuka. Alizitoa kwenye kamba, ndani ya chumba kilekile alimolazwa marehemu, akazikunja moja moja, akawapa. Wakasema asante, wakashuka mlima. Hawakuimba.

Baadaye walisema waliogopa. Korali ikienda kuimba kwa mtu aliye chini ya nidhamu, watu watasema korali imebariki dhambi yake. Hiyo ndiyo hekima waliyokuwa nayo.

Tulimzika alasiri hiyohiyo. Nilijaribu kuanzisha wimbo kaburini. Nyimbo zetu unazijua, mmoja anatupa mstari na wengine wanaupokea. Nikatupa mstari. Shangazi zangu wa kijijini hawakuujua, majirani walikuwa wa dini nyingine, na nikabaki nao mdomoni. Wakaendelea kutupa udongo.

Katika viongozi alikuja mmoja tu, Papa Birindwa, mzee wa kanisa, yeye huyohuyo aliyetangaza adhabu yangu. Alivua koti akashika koleo pamoja na vijana, akaenda zake. Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu sikujua pa kwenda. Korali ilipopanda mbele na kanzu zake nyeupe, Papa Birindwa alisimama akawazuia wasianze.

"Mugisho ndiye iko ku discipline," alisema akininyooshea kidole. "Mama yake hakukuwa. Na hata huyu Mugisho, tulimukatazaka gitare. Hatukumukatazaka batu."

Maman Jolie alilia palepale. Mchana korali nzima ilipanda kwetu, wakaimba mpaka wakapoteza sauti. Waliimba vizuri kupita siku zote, na mimi sikuitika hata mstari mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yangu alikwenda kimyakimya, yeye aliyefua jasho la waimbaji wote wale.

Nidhamu yangu iliisha, nikarudishiwa gitaa. Vidole vilijua kazi yao, watu wakacheza kama zamani, lakini mimi sikusikia tena kitu. Wanasema muda huponya. Nimezeeka nikiungoja huo muda, na sasa nimechoka. Mkisikia kwamba niliacha gitaa kwa sababu ya baridi yabisi, si kweli.

Na ninyi jiangalieni mlivyobaki. Tangu vita viingie mjini, mpiga ngoma wenu amevuka mpaka, waimbaji wametawanyika, wengine hatujui kama wanapumua. Wachache hivyo, na bado mmepata wa kumkalisha nyuma: Neema, msichana wa kinanda, kwa kuzaa bila ndoa. Sibishani na kamati. Lakini jana mtoto wake amefariki, mazishi ni leo saa tisa, na wewe umepanda mlima kuniuliza kama korali ina ruhusa ya kwenda. Ruhusa ya nani, mwanangu?

Shauri langu ni hili. Nidhamu inaishia kwenye kinanda, haifiki msibani. Usiitishe kamati, itakutana mpaka kaburi liote majani. Chukua hao uliobaki nao, na nguo mlizovaa, mwende. Msihubiri. Msimwambie kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa, hilo analijua kuliko ninyi. Imbeni tu, na akikataa kuitika msimkasirikie. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini sikuahidi kwamba mtampoza. Mimi sikupozwa. Wala sitakuja nanyi, maana nikisikia korali kaburini sijui nitafanya nini.

Inuka, saa saba imepita. Mungu akupe moyo usioogopa macho ya watu, na siku yako ya kilio ikifika, mwanangu, asikuache uanze wimbo peke yako.