Gitaa Lililofuata Betri

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, nikiwa msichana, nimesimama katikati ya ukumbi wa kanisa hapa hapa Jabe, Bujumbura. Mkononi nina gitaa la umeme ambalo nyuzi zake zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mbele yangu kuna mzee mmoja kakunja uso, anangoja nieleze nimelifanya nini.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu yako, mwanangu. Jana ulikuja na pakiti ya nyuzi namba tisa, nyembamba hizo, ukaniambia, "Senge, nisaidie kushusha gitari mpaka noti ya si, nataka hevi metali ya kweli." Mimi senge wako, dada ya baba yako, badala ya kukujibu nikacheka. Ukanuna, ukaenda zako chai ikiwa nusu kikombe. Sasa kaa. Leo nitakujibu, na chai utaimaliza.

Wakati ule ulikuwa wa vita. Vita sitakusimulia. Wapo wanaojua kuisimulia, na mimi nikianza nitalia, nawe hukuja hapa kutazama mwanamke mzima akilia. Nitakuambia tu kwamba tulikuwa tumeiacha nyumba yetu ya mtaa wa Mutakura, tukajibana kwa ndugu ya mama hapa Jabe, watu chungu nzima katika vyumba viwili. Kaka yangu Dodo, huyo unayemwita baba, huyo huyo anayekugongea mlango kila jioni upunguze kelele, alikuwa kijana wa umri wako. Alikuwa na rafiki yake wa kufa na kupona, na rafiki huyo hakutoka Mutakura akiwa hai. Tangu hapo Dodo akaacha kuzungumza. Alikula, alichota maji, aliitika akiitwa, basi. Kucheka ndiyo usiseme.

Kitu kimoja tu kilimtoa kitandani. Ilikuwa kaseti ya hevi metali ambayo mjomba alituletea kutoka Ubelgiji kabla mambo hayajaharibika. Karatasi yake ilikwisha potea, hata jina la bendi hatukulijua. Dodo alipindua madumu ya maji, akachukua miiko miwili, akawa anapiga pamoja na kaseti ile kila alasiri. Mimi nilikuwa najua gitaa kidogo, gitaa la kwaya, "aleluya" na "amina". Nikaanza kumfuatisha.

Basi vijana wa parokia wakaandaa matine, yaani tamasha la mchana, maana la jioni halikuwezekana. Ikifika saa ya amri ya kutotoka nje kila mtu yuko kwake. Wakapita wakiuliza nani atapiga muziki. Dodo, bubu wetu, akainua kichwa.

"Mi nitapiga ngoma," akasema, "kama Spe atapiga gitari vile iko ku kaseti."

Spe ndiye mimi. Mama alikuwa mlangoni na beseni la vyombo, akaliweka chini taratibu kama lina mtoto ndani. Hakuwa amesikia maneno mengi hivyo kutoka kinywani mwa mwanawe tangu tuhame. Sasa unaelewa, mwanangu, nilikuwa nimebebeshwa nini. Gitaa likiharibika, kaka yangu atarudi kitandani kwake, na mimi sikuwa na hakika kama atatoka tena. Niliogopa kuliko nilivyoogopa risasi.

Gitaa lilikuwa la kwaya, na mlezi wake alikuwa Papa Lubunga, mzee wa Kikongo aliyekimbia kutoka Uvira. Ujana wake wote alipiga gitaa kwenye harusi. Alikuwa mkali kwa vyombo na mpole kwa watu. Kwa kuwa alinifundisha mwenyewe, aliniruhusu kukaa nalo nyumbani mpaka matine. Nyuzi zake, usiulize. Nchi ilikuwa imefungiwa mipaka, nyuzi za gitaa hazikuonekana dukani hata kwa dawa. Ule wa sita, mnene kuliko wote, ulikuwa waya wa breki ya baiskeli uliosokotwa upya. Mwenye njaa hachagui tonge, nasi tulimshukuru mwenye baiskeli.

Kufanya mazoezi bila kaseti haiwezekani, na redio-kaseti yetu inataka nguvu. Umeme ulikuwa ukikatika wiki nzima nzima. Zilibaki betri, ambazo sisi tunaziita mabuye. Na mabuye mapya yalikuwa ya baba, ya kusikilizia habari asubuhi na jioni. Nani angethubutu kuyagusa? Redio yake ikianza kukoroma, mama aliyatoa, akayaanika juu ya bati yapate jua, kisha nikapewa mimi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, mwanangu. Mimi nilitegemea mabuye ya baba yangu, na hata hayo yalikuja kwangu yakiwa yanaugua.

Hapo ndipo nilipopotea bila kujua. Kila siku nilipowasha kaseti, nilikuta gitaa langu liko juu kidogo kuliko muziki. Nikajisemea, aa, ni joto hili la Bujumbura, limepandisha nyuzi. Nikalegeza. Kesho yake tena, gitaa liko juu. Nikalegeza tena. Dodo naye kwenye madumu yake akawa anapunguza mwendo, du... du... du, na sisi wawili tukiangaliana kwa fahari. Tuliona huo ndio uzito wenyewe! Muziki ulikuwa unashuka siku baada ya siku, unanguruma chini kabisa, unakokota miguu, nasi tukaupenda kwa sababu ulifanana na mioyo yetu. Jirani mmoja alimwuliza mama kwa heshima kama tuna msiba.

Ningeweza kumwuliza Papa Lubunga. Kuuliza si ujinga. Lakini nilimwona mzee wa rumba na nyimbo za kanisa, nikasema, huyu atajua nini juu ya hevi metali? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu wakati ule zilikuwa bado hazijaota vizuri.

Ndiyo tukafika Jumamosi ile, kesho yake ni matine. Jenereta ya kanisa imewashwa, gitaa limechomekwa kwenye ampli, kile kikuza sauti. Nikapiga. Mwanangu, haukutoka muziki. Nyuzi zilijipigapiga kwenye shingo ya gitaa, zikatoa mlio wa bati lililong'oka msumari. Nyumbani, bila ampli, sikuwa nimeusikia ule ubaya wote. Papa Lubunga akainuka kwenye benchi.

"We mutoto, umefanyia gitari yangu nini?"

"Nimeishusha, Papa. Njo vile kaseti inalia."

"Inalia ao inakufa? Leta hiyo kaseti."

Nikamletea redio-kaseti yetu, akaitoa kwenye mabuye, akaichomeka kwenye jenereta, akabonyeza. Na wimbo ukaruka! Ulitoka mbio, umechangamka, gitaa linacheka juu na linanguruma chini, ngoma zinakimbizana kama watoto waliotolewa darasani. Nikasema, "Apana, hii si yetu." Papa Lubunga alifungua mgongo wa redio, akatoa buye moja lililovimba ngozi, akaliweka kwenye kiganja changu.

"Sasa mama," akaniambia, maana wazee wa Kikongo humwita hata msichana mdogo mama, "ulikuwa unafuata muziki ao ulikuwa unafuata mabuye?"

"Lakini joto, Papa..."

"Joto inalegeza waya! Uliona wapi gitari inapanda sababu ya joto? Sikio yako ilikuwa inakuambia, we ukaikatalia."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nyuma yangu nikasikia mlio nisioujua. Kugeuka, ni Dodo. Amekaa chini sakafuni, ameshika tumbo, anacheka. Anacheka hadi anakosa pumzi.

"Spe," akasema, "tumefanya harusi ya watu kuwa matanga!"

Nikacheka na mimi, huku nalia. Ilikuwa kweli. Wimbo wa furaha tuliupiga kwa huzuni, kwa kuwa betri ndizo zilizotushika mkono. Fuata nyuki ule asali, walisema wazee. Sisi tulifuata betri zinazokufa, zikatupeleka kaburini polepole, na tulikuwa tunaona tumepata njia.

Lakini kucheka hakukazi nyuzi. Papa Lubunga alisikiliza wimbo ule mara mbili, akafumba macho. Akasema bendi hii haikushusha gitaa zima, imeshusha uzi wa sita tu, kutoka noti ya mi mpaka re, ndiyo maana chini pananguruma na juu panabaki safi. Nikaanza kurudisha nyuzi mahali pake. Wa kwanza, sawa. Wa tano, sawa. Nilipoukaza ule wa breki ya baiskeli, ta! Ukakatika, ukanichapa kidole.

Nilimtazama Dodo, nikaona uso wake unaanza kujifunga, kama mtu anayefunga duka. Mji mzima hauna uzi wa sita, na matine ni kesho.

Papa Lubunga akaenda kwenye mfuko wake, akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, ndani ya kitambaa, ulikuwemo uzi mmoja umezungushwa. Mnene, wa dukani, mpya.

"Nilivuka nayo mupaka," akasema. "Nilikuwa ninaichunga siku nitarudia Uvira, nipige mbele ya nyumba yangu."

"Apana, Papa, hatuwezi kuichukua."

"Angalia." Akatuonyesha mahali palipoanza kutu. "Minaichunga, kumbe iko inakufa mu kopo. Kamata."

Akaufunga mwenyewe. Akaukaza hadi re, akaniambia niuguse. Ulikuwa umeshuka, lakini haukulegea. Ulinguruma na ukasimama. "Sauti nzito inataka uzi munene," akasema. "Kulegeza si uzito. Kulegeza ni kuchoka."

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Tulianza wimbo wetu kwa mwendo wake wa kweli, vidole vyangu vikikimbia kama vimefumaniwa. Tulipofika katikati, jenereta ikakohoa, ikazima. Ilikuwa imeishiwa mafuta. Gitaa langu likafa mkononi. Nikaacha kupiga, nikamtazama kaka yangu kwa hofu.

Dodo hakuacha. Ngoma haihitaji jenereta. Alipiga vile vile, mwendo ule ule, hakuongeza wala hakupunguza, na akanipigia kelele mbele ya watu wote, "Spe, endelea! Usishuke!"

Nikaendelea. Hakuna aliyenisikia isipokuwa mimi mwenyewe, lakini watu walikuwa wameanza kupiga makofi kumfuata Dodo, na akina mama wa kwaya, waliokuja kutushangaa, nao wakapiga. Mtu alikimbia na galoni nyuma ya ukumbi. Jenereta iliponguruma tena, gitaa langu likaingia hewani pale pale ngoma ya Dodo ilipokuwa, hatukupishana hata kidogo. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Papa Lubunga alikuwa amesimama juu ya benchi, yeye aliyetukataza kupanda mabenchi.

Tulirudi nyumbani mapema, kabla ya saa ya amri. Njia nzima Dodo aliongea. Aliongea juu ya ngoma, juu ya jenereta, juu ya yule jamaa wa galoni aliyepoteza kandambili. Kisha akaanza kuongea juu ya rafiki yake wa Mutakura, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza. Mama alitukuta mlangoni, akamsikia, akaenda jikoni akawasha moto ambao hatukuuhitaji, ili machozi yake ayasingizie moshi.

Sasa chai imekwisha, pokea nasaha yako, mwanangu. Nyuzi namba tisa zitakufaa ukibaki mahali pa kawaida. Ukitaka kushusha uzi wa sita peke yake mpaka re, nunua namba kumi. Ukitaka gitaa zima lishuke toni nzima au zaidi, chukua kumi na moja, hata kumi na mbili. Na kama umekazana na si yako, tafuta seti ambayo uzi wake mnene unakaribia namba sitini, umpelekee fundi alirekebishe gitaa lizipokee, la sivyo utapiga tambi. Usione vyaelea, vimeundwa. Hizo bendi zinazonguruma hazikulegea, zimekazwa chini.

Na la pili, ambalo ndilo lililonifanya nicheke jana. Kabla hujashuka kumfuata mtu yeyote, rafiki au wimbo au huzuni, kwanza mfungue mgongo uangalie betri zake. Sikio lako likikuambia uko sawa, usikimbilie kulikatalia. Nenda kwa mkubwa ukamwulize, hata kama yeye ni wa rumba. Huzuni ikija, na itakuja, ipe uzi mnene, uipige mpaka ikwishe. Usiilegezee nyuzi zako zote. Na kizuri ulichokificha kwenye kopo kwa ajili ya siku kuu, kitoe. Siku kuu ni pale mwenzako anapokihitaji.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio lisilodanganywa, mikono isiyochoka na watu wa kukupigia makofi umeme ukikatika. Na jioni baba yako akigonga mlango upunguze sauti, usipunguze. Mfungulie, umpe vijiti vya ngoma.