Meno ya Kaneza

Mume wangu Shakuru ametengeneza meno ya nusu ya wazee wa Bujumbura, lakini ilimchukua siku tatu kufikiria kufungua kinywa cha dende mmoja, yaani simbilisi wa kufugwa. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani nimekaa hapa kumsifu tu. Kumsifu nitamsifu, ila kwa zamu yake.

Shakuru si daktari, ni fundi wa meno ya bandia. Kazi alifundishwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa na kliniki mjini. Mgiriki alipoondoka, Shakuru alibaki na ujuzi pamoja na mashine ndogo ya kusagia, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Vita vilipoingia na umeme ukawa wa kubahatisha, mashine ile ndiyo iliyotulisha. Aliileta nyumbani kwetu Cibitoke, akaiweka sebuleni, na tangu hapo mimi nafagia vumbi la meno. Watu wengine walikimbia mtaa kabla hawajachukua meno yao. Ameyahifadhi yote kwenye vikombe, kila kikombe na jina lake. Nikimuuliza ya nini, anajibu, "Mutu akirudi, atakulia nini?" Ndivyo alivyo. Kitu cha mtu kikiingia mkononi mwake, hatulii mpaka akirudishe.

Kwa hiyo Daphrose hakukosea alipotukabidhi dende. Daphrose alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa tisini na tano, siku mtaa ulipowaka, alipata nafasi mbili kwenye lori, yake na ya bintiye Danielle aliyekuwa na miaka sita. Mnyama hakuruhusiwa. Mtoto alilia, dereva akapiga honi, na Shakuru akanyoosha mikono akampokea yule dende, mnene, asiye na mkia, anatetemeka. Akamwambia Danielle, "Huyu ni amana. Utakuja kumukuta." Mimi nilisimama nyuma yake nikiwaza, jamani, watu wanapoteza nyumba, mwenzangu anaahidi panya.

Lakini neno amana likishatoka kwa Shakuru, limetoka. Kaneza, hilo ndilo jina la dende, alilala kwenye sanduku chini ya kitanda chetu. Taabu ilikuwa majani. Yale ya kando ya barabara yalifyekwa yote ili mtu asijifiche, na ya kule bondeni hakuna aliyethubutu kuyafuata. Basi tukampa tulichokuwa nacho: ugali, wali uliobaki, mkate uliolowekwa kwenye chai. Shakuru alimmegea kwenye sehemu yake mwenyewe. Kaneza akanenepa, nasi tukajiona watu wema. Miaka miwili ilipita hivyo, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba mkate ule laini ulikuwa unamdhuru.

Jumapili moja ya mwaka wa tisini na saba, vikwazo vya nchi jirani vikiwa vimetubana, tukaletewa ujumbe kutoka Mutanga Sud, alikohamia Daphrose kwa kaka yake. Jumamosi atakuja na Danielle kuangalia nyumba yao, na mtoto anauliza kama Kaneza yupo. Shakuru akajibu kwamba yupo, mzima kabisa. Jumatatu Kaneza akaacha kula.

Alikuwa anakisogelea chakula, anakinusa, anageuka. Kidevu kililowa mate. Shakuru akasema ni tumbo. Jumanne akasema ni homa, akamlainishia mkate kwa maziwa ya chai yetu, na mnyama akazidi kukonda. Jumatano nikachoka.

"Baba Asiya," nikamwambia, maana Asiya ndiye kifungua mimba wetu, "we unashinda mu vinywa vya watu. Kinywa ya huyu uliiangalia?"

"Iko na shida gani mu kinywa?"

"Mi sijui. Mi si fundi."

Akamfunga Kaneza kwenye taulo, akamfungua mdomo kwa kidole kidogo. Meno ya mbele ya chini yalikuwa yamerefuka na kupinda, na moja lilikuwa limechoma mdomo wa juu mpaka pakawa na kidonda chenye usaha. Nilimwonea huruma.

Shakuru alisema kukata kwa koleo kunaweza kupasua jino hadi kwenye mzizi, kwa hiyo yatasagwa. Mimi nikakanyaga mashine, yeye akamshika, akaingiza mpini wa kijiko kukinga ulimi, akasaga kidogo kidogo huku akipumzika. Yalipokaa sawa, akatoa kabatini vidonge sita vya amoksisilini, vya mwisho ndani ya nyumba. Kwa watu wa meno, penye usaha jibu ni hilo.

"Mama Asiya, fungua kimoja, ugawe mara kumi, ukoroge na maji. Umupe asubui na magaribi, na seringi, bila sindano."

Nikasema ndiyo. Sasa nikiri. Wiki ile farmasi zilikuwa tupu, na mtoto wa Asiya alikuwa na kikohozi kilichonitia hofu. Dawa ya mwisho nimpe panya? Nilivifunga vidonge kwenye kitambaa, nikavificha ndani ya debe la maharage. Kisha nikakoroga unga kidogo wa muhogo kwenye maji, ukawa mweupe kama dawa, nikamnywesha Kaneza mbele ya mume wangu, tone kwa tone, kwa upande wa mdomo. Kidonda nilikiosha kwa maji ya chumvi, na hilo nililifanya kwa moyo mmoja. Kumdanganya Shakuru kuliniuma, lakini sikuacha.

Ijumaa, baada ya swala, akaja Sylvère, veterineri mstaafu, daktari wa mifugo wa mtaa wa Ngagara, kujaribu meno yake mapya. Shakuru akamsimulia kwa fahari jinsi anavyomtibu dende. Mzee akayatoa meno kinywani ili aseme vizuri.

"Amoksisilini? Kwa dende? Mana yanje, Mzee Shakuru! Ile dawa inamuua. Inamaliza vidudu vizuri vya tumbo yake, anahara, anakufa. Mulimupa mara ngapi?"

"Mara ine."

Shakuru alimzika kaka yake mwaka wa tisini na tatu akiwa amesimama wima, bila chozi. Ijumaa ile alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la meno.

"Kesho mutoto anakuja," akasema. "Nitamuambia nini? Nilimuambia ni amana."

Ikabidi niseme.

"Baba Asiya, hakukunywa ile dawa."

"Alitema?"

"Apana. Sikumupa. Ilikuwa unga ya muhogo. Vidonge viko mu maharagi, vyote sita."

Nilisubiri anigombeze, na ningestahili. Badala yake akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, na Sylvère naye akacheka kwa ufizi mtupu. Nami nikakaa chini karibu na mume wangu. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa dhambi yangu mwenyewe.

Mzee alituagiza vizuri. Meno ya dende hayaachi kukua maisha yote, majani magumu ndiyo yanayoyasaga, kwa hiyo mkate basi. Kipande cha chungwa kila siku. Kwa kidonda, sirapu ya sulfa, ambayo yeye alikuwa na nusu chupa. Shakuru akamsindikiza hadi Ngagara, akarudi na chupa mfukoni na gunia la majani kichwani, kutoka uani kwa mzee.

Jumamosi Daphrose alisimama mbele ya nyumba yake. Mabati hayakuwepo, milango haikuwepo, hata fremu za madirisha ziling'olewa. Alitazama tu, macho makavu. Danielle hakuitazama kabisa, aliingia moja kwa moja kwetu. Kaneza alikuwa juu ya majani anatafuna, karucha karucha, sauti inasikika mpaka mlangoni.

"Maman, kuja! Aliningojea!"

Daphrose akaja, akamwona, na hapo ndipo alipolia. Katika vyote alivyoviacha Cibitoke, hicho peke yake ndicho tulichoweza kumrudishia mkononi. Alipojifuta machozi akaona ile chupa, akauliza, "Aligonjwa? Mulimupa dawa gani?"

Shakuru akanigeukia.

"Uliza Mama Asiya," akasema. "Docteur wa hapa ni yeye."